Matoleo Matatu, Kazi Moja? Uhakiki wa Uunganishaji wa Filamu ya Dawn of the Dead

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuizungumzia matini kana kwamba ni kitu kimoja kilichokwisha kukamilika, kilichoko mezani kikingoja kusomwa. Wanaoshughulika na miswada ya kale wanajua kuwa sivyo. Utenzi mmoja huweza kuwa na nakala tatu au nne, kila nakala ikiwa na beti ambazo nyingine hazina. Mhariri, kabla hajampa msomaji kitabu, hana budi kukata shauri: ama achapishe nakala moja jinsi ilivyo, ama azichanganye zote apate utenzi anaouita kamili. Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo hilo mahali ambapo wengi wetu hatukuzoea kulitafuta, yaani katika sinema ya kutisha.

Kazi tuliyoichagua ni Dawn of the Dead, filamu ya Mmarekani George A. Romero (1940–2017). Filamu hii imekuwapo tangu mwanzo katika matoleo matatu yanayotofautiana kwa urefu, kwa mpangilio na kwa muziki. Kwa sababu hiyo baadhi ya wapenzi wake wamejaribu, kwa mikono yao na kwa kompyuta zao za nyumbani, kuyashona matoleo hayo yawe filamu moja isiyoacha nje hata kipande. Kazi ya namna hii tutaiita toleo unganifu, na mwenye kuitenda tutamwita mshonaji.

Jambo lililotusukuma kuandika ni dogo, lakini halijatuacha. Katika semina moja ya uhakiki tuliwaonyesha wanafunzi toleo unganifu la filamu hii bila ya kuwaeleza asili yake. Mmoja wao, msomaji makini, aliandika kwamba udhaifu mkubwa wa Romero ni kutojua kama anataka hadhira yake icheke au iogope. Kwamba muziki wake hugeuka ghafla katikati ya tukio pasipo sababu. Na kwamba anachelewa mno kabla ya kuingia katika kisa chenyewe. Tulimpa alama za juu. Baadaye tulipoyalinganisha matoleo, tuliona kwamba migeuko ya muziki aliyoitaja haimo katika toleo lolote la Romero. Imo katika mishono. Tulikuwa tumemhukumu msanii kwa tendo asilolitenda, na kosa halikuwa la mwanafunzi bali letu tuliomfundisha. Swali likatujia lenyewe: je, ni mara ngapi tumewafanyia hivyo watunzi wa tenzi zetu?

2. Matoleo yenyewe

Jina la filamu hii twaweza kulifasiri Alfajiri ya Wafu. Ilifuata Night of the Living Dead, ambayo Romero aliitoa mwaka 1968. Kisa chake si kirefu. Wafu wamefufuka na wanawala walio hai. Fran na Stephen, wafanyakazi wa kituo cha televisheni, wanatoroka mji wa Philadelphia kwa helikopta pamoja na Peter na Roger, askari wa kikosi maalum. Wanatua juu ya paa la jumba kubwa la maduka, wanaliteka, kisha wanajifungia humo pamoja na kila kitu ambacho mtu angetamani kukinunua. Roger anakufa kwa kuumwa na wafu. Miezi inapita katika starehe inayogeuka kuwa uchovu wa roho. Genge la waendesha pikipiki linavamia jumba, Stephen anakufa, na mwishowe Peter na Fran wanaondoka kwa helikopta yenye mafuta machache, alfajiri, pasipo kujua waendako.

Msomaji wa Kiswahili asije akawafananisha wafu hao na misukule au ndondocha wa masimulizi yetu. Msukule ana bwana: yuko mchawi aliyemchukua ili amlimie shamba lake. Katika imani za Haiti, ambako zombi alijulikana kabla hajaingia katika sinema, mfu huyo naye ni mtumwa wa mtu. Romero alimwondoa bwana. Wafu wake hawatumwi na yeyote. Wanarudi katika maduka kwa mazoea tu, kwa kuwa mahali hapo palikuwa pakubwa katika maisha yao walipokuwa hai. Hapo ndipo ilipo dhihaka ya filamu nzima. Walio hai wanapigania bidhaa zisizowafaa kitu, na wafu wanazunguka mbele ya madirisha ya maduka yale yale. Tuliweke jambo hili akilini, maana ndilo litakalokuwa kipimo chetu.

Sasa tuangalie jinsi matoleo yalivyozaliwa. Filamu ilipigwa kuanzia Novemba 1977 hadi Februari 1978, sehemu kubwa yake katika Monroeville Mall, jumba la maduka lililo karibu na Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, lililofunguliwa mwaka 1969. Kazi ilifanyika usiku maduka yakiisha kufungwa, nayo ilisimama wakati wa Krismasi kwa sababu ya mapambo ambayo isingewezekana kuyaondoa na kuyarudisha kila siku. Sehemu ya fedha ilitoka kwa upande wa Dario Argento, mwongozaji wa Italia aliyekuwa amekwisha kupata jina kwa filamu kama Suspiria (1977). Kwa mapatano yao, Argento alipata haki ya kuisambaza filamu katika nchi nyingi zisizotumia Kiingereza, pamoja na haki ya kuihariri apendavyo kwa ajili ya nchi hizo. Romero alibaki na madaraka juu ya toleo la Kiingereza.

Toleo la kwanza ni lile lililotayarishwa kwa haraka ili liweze kuonyeshwa kwa wanunuzi wa filamu huko Cannes, Ufaransa, mwaka 1978. Lina dakika 139 hivi, na muziki wake takriban wote umechukuliwa kutoka maktaba ya muziki ya De Wolfe, ambayo hukodisha nyimbo zilizokwisha kurekodiwa. La pili ni la Argento, lililotolewa Italia mwaka huo huo wa 1978 kwa jina la Zombi. Lina dakika 119 hivi, na muziki wake ni wa bendi ya Kiitaliano iitwayo Goblin. La tatu ni lile ambalo Romero mwenyewe alilihariri upya kwa ajili ya majumba ya sinema ya Marekani, likatolewa mwaka 1979. Lina dakika 127 hivi, na ndani yake nyimbo za maktaba zimechanganywa na vipande vichache vya Goblin.

Kwa hiyo tunazo hadhira tatu: wafanyabiashara wa Cannes, watazamaji wa Italia na nchi zilizopata toleo la Italia, na watazamaji wa Marekani. Jambo hili halipaswi kumshangaza mwanafunzi wa fasihi simulizi. Fanani anayesimulia ngano moja mbele ya watoto, kisha mbele ya wazee, kisha mbele ya wageni, hasimulii ngano moja mara tatu. Kila simulizi ni kazi nzima, yenye urefu wake, vichekesho vyake na mahali pake pa kunyamaza. Hakuna fanani anayesimama siku ya nne akaziunganisha simulizi zake za siku tatu, akasema kuwa sasa ndipo atakapoisimulia kweli.

3. Kazi ya mshonaji

Hata hivyo hatutaki kumdharau mshonaji kabla ya kuitazama kazi yake, kwani ni kazi ya subira na ya elimu. Kwanza hukusanya matoleo yote katika nakala zilizo bora kadiri awezavyo kupata. Tangu mwaka 2004, matoleo yote matatu yalipouzwa pamoja katika seti moja ya diski huko Marekani, hatua hii imekuwa rahisi. Kisha huyatazama sambamba, picha kwa picha, akiandika mahali yanapokubaliana na yanapoachana. Hili ni zoezi lile lile la mhariri wa miswada anayepanga nakala zake safu kwa safu.

Hatua ya pili ni kuchagua msingi. Mara nyingi huchukuliwa toleo la Cannes kwa kuwa ndilo refu, kisha hutiwa ndani yake vipande vinavyopatikana kwingineko. Toleo la Argento, ijapokuwa ndilo fupi kuliko yote, lina picha na maneno yasiyomo katika mengine. Toleo la Cannes nalo lina maonyesho yaliyorefushwa. Mathalani tukio la gatini, ambako Stephen na Fran wanakutana na polisi wanaotoroka kama wao, ni refu zaidi huko kuliko katika toleo la Marekani. Ukijumlisha vyote hupata filamu ya zaidi ya saa mbili na nusu. Nchini Ujerumani hata iliuzwa nakala ya namna hiyo yenye dakika 156 hivi.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu. Nakala hazilingani rangi. Kipande kimoja chekundu kidogo, kingine cha kijani. Aidha hazilingani mwendo. Filamu ya sinema hupita picha 24 kwa sekunde, lakini televisheni na video za Ulaya kwa miaka mingi zilitumia picha 25. Hivyo toleo la dakika 127 likihamishiwa huko pasipo marekebisho hupungua kuwa la dakika 122 hivi bila ya kukatwa hata picha moja, na sauti za waigizaji hupanda kidogo. Anayelinganisha urefu wa matoleo kwa kuzihesabu dakika peke yake aweza kudhani kuna kitu kimekatwa ambapo hakuna kitu kilichokatwa. Tuna kosa kama hilo katika tenzi, pale mtu anapohesabu beti asitazame kuwa mwandishi mmoja alizigawa mistari kwa namna nyingine.

Lakini tatizo lisilo na dawa ni sauti. Katika nakala iliyokwisha kumalizika, maneno, milio na muziki vimechanganywa katika mkanda mmoja. Mshonaji hawezi kuyatoa maneno ya Peter chini ya ngoma za Goblin na kuyaweka juu ya wimbo wa maktaba. Akitaka maneno yaliyomo katika toleo la Argento tu, hana budi kuuchukua na muziki wa Argento. Akirudi katika msingi wake, muziki unakatika. Anaweza kuufifisha, anaweza kuufunika kwa mlio wa bunduki, lakini hawezi kuufanya uwe umetungwa kwa ajili ya kipande kile. Hivyo ndivyo ilivyopatikana ile migeuko ya ghafla ambayo mwanafunzi wetu alimtwika Romero.

Yatupasa kumtendea haki mshonaji kwa jambo moja. Kazi yake haina haki ya kisheria. Filamu ya mwaka 1968 iliangukia katika mali ya umma huko Marekani kwa kuwa msambazaji, alipobadilisha jina lake, alisahau kuandika tamko la hakimiliki. Dawn of the Dead haikupatwa na hayo, ina wenyewe. Kwa sababu hiyo mila ya washonaji ni kutouza kazi zao, na kumtaka mtazamaji awe na nakala halali za matoleo asilia. Vile vile wengi wao huambatisha orodha ya mabadiliko: dakika fulani nimetia kipande hiki, dakika fulani nimeondoa kile. Tutalirudia jambo hili, kwani ndani yake mna aibu kidogo kwetu sisi wanataaluma.

4. Muziki na maana

Tumesema kuwa matoleo yanatofautiana kwa muziki. Mtu aweza kudhani kuwa hiyo ni tofauti ya pambo, ya fani peke yake, na kwamba maudhui yamebaki yale yale. Sivyo. Tuchukue picha ambazo zimo katika filamu hii kwa wingi: wafu wakipanda na kushuka ngazi za umeme, wakianguka katika uwanja wa kutelezea barafuni, wakizisukuma nyuso zao juu ya vioo vya maduka.

Katika toleo la Romero la 1979, jumba la maduka lina muziki wake, ule muziki mwepesi unaochezwa madukani ili mnunuzi asiharakishe kutoka. Juu ya yote upo wimbo uitwao The Gonk, wa Herbert Chappell, uliotoka katika maktaba ya De Wolfe, wenye mdundo wa kitoto wa gwaride la vichekesho. Wimbo huo ndio unaoifunga filamu, wafu wakiwa wamekwisha kulirithi jumba. Tunacheka, na tukiisha kucheka tunajiuliza tumemcheka nani, maana tuliwahi kutembea vivyo hivyo, na mkoba mkononi, chini ya muziki kama ule. Dhihaka tuliyoieleza hapo juu inabebwa na wimbo huo kuliko inavyobebwa na neno lolote linalotamkwa.

Katika toleo la Argento, utani umepunguzwa, mwendo umeharakishwa, na Goblin wamewekwa mahali pengi ambapo Romero aliweka muziki wa dukani au ukimya. Mapigo yao ni mazito, yenye kurudiarudia, mithili ya hatua za kitu kinachokaribia. Wafu wale wale, kwenye ngazi zile zile, si ndugu zetu tena, ni balaa. Swali la filamu halimo tena katika "sisi ni nani?" bali katika "tutanusurikaje?" Hili si kosa. Ni usomaji mwingine wa kisa kile, na kwa watu wengi wa Ulaya ndio usomaji pekee waliokuwa nao kwa miaka. Nasaba yake pia ni nyingine: mwaka 1979 Lucio Fulci alitoa Italia filamu iliyopewa jina Zombi 2, kama kwamba ni mwendelezo, na mzazi iliyemdai kwa jina hilo ni toleo la Argento, si la Romero.

Sasa mshonaji anaziunganisha. Dakika hii mfu ni kichekesho chenye huzuni, dakika ifuatayo ni balaa lenye ngoma, kisha ni kichekesho tena. Kila kipande, kikitazamwa peke yake, kilitoka kwa mikono ya bingwa. Jumla yake haikutoka kwa mikono ya mtu yeyote. Mtazamaji ambaye moyo wake ulikuwa umekwisha kuandaliwa kucheka anaambiwa aogope, na aliyeandaliwa kuogopa anaambiwa acheke. Mwisho wake hafanyi lolote kati ya hayo mawili. Mtaka yote hukosa yote.

5. Je, kirefu ndicho kamili?

Hoja ya washonaji, ikifupishwa, ni kuwa kila kilichopigwa picha ni sehemu ya kazi, na kilichokatwa ni upungufu. Hoja hii ina nguvu pale ambapo msanii alikatiwa kwa nguvu na mwenye mali au na serikali. Mhakiki anayemrudishia msanii alichonyang'anywa anatenda haki. Lakini hali ya Romero siyo hiyo. Toleo la dakika 139 limewahi kuuzwa kana kwamba ndilo la mwongozaji, ilhali Romero mwenyewe alieleza kuwa analolipenda zaidi ni lile la 1979. Dakika zile 12 hakunyang'anywa. Aliitazama kazi aliyoifanya kwa haraka, akaona inakokota, akaipogoa. Ukataji huo ni utunzi sawa na uandishi. Mshairi aliyefuta ubeti hakupoteza ubeti. Ametunga utenzi usiokuwa nao.

Mfano wa mwisho wa filamu unathibitisha jambo hili. Katika hati ya kwanza ya Romero, Peter alikuwa ajiue kwa risasi na Fran ajitupe katika mapanga ya helikopta. Mwisho huo haumo katika toleo lolote kati ya matoleo yetu matatu. Katika filamu tuliyo nayo, Peter anaweka bastola kichwani, anatulia, kisha anabadili nia yake na kupigana hadi afike paani. Kidole cha Peter kinachosita juu ya bastola ni pia kalamu ya Romero iliyosita juu ya hati. Anayetaka "yote" atafanya nini hapa? Hawezi kuwa na Fran aliyekufa na Fran aliyeondoka. Anafika mahali ambapo kujumlisha hakusaidii kitu, na mahali hapo ndipo sanaa ilipofanyika.

Hata msanii mwenyewe haruhusiwi na kazi yake kila jambo. Mwaka 1999 John Russo, aliyeandika Night of the Living Dead pamoja na Romero, alitoa toleo jipya la filamu hiyo kuadhimisha miaka 30, akatia maonyesho aliyoyapiga upya na muziki mpya. Lilipokewa vibaya na wahakiki na wapenzi wa filamu kwa jumla. Kwa maoni yetu sababu haikuwa ubovu wa picha mpya peke yake. Filamu ya 1968 ilikuwa imekwisha kujifunga. Haikuwa na mlango wa kuingilia.

6. Funzo kwa wahariri wa tenzi

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya burudani ya Marekani na Italia, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa kuwa kazi ya mshonaji imefanywa juu ya maandiko kwa karne nyingi, na wanaozisoma kazi hizo vyuoni mara nyingi hawaambiwi.

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni King Lear ya Shakespeare. Toleo la 1608 lina mistari yapata 300 isiyomo katika la 1623, na hili la pili lina mistari yapata 100 isiyomo katika la kwanza. Tangu karne ya 18 wahariri waliyachanganya wakapata tamthilia ndefu kuliko zote mbili. Maneno ya mwisho kabisa ya tamthilia yamepewa Albany katika toleo la kwanza na Edgar katika la pili. Atakayetawala baada ya maafa anaonekana kuwa huyu au yule kwa kutegemea nani anayefunga. Hapo napo kujumlisha hakuwezekani. Wahariri wa Oxford mwaka 1986 walikata shauri kuyachapisha matoleo yote mawili, kila moja peke yake. Kabla yao Mfaransa Joseph Bédier, katika makala yake ya 1928, alikuwa amekwisha kuonya kwamba mhariri anayejenga matini kutoka nakala nyingi hujenga kitu ambacho hakikupata kuwapo, na kwamba ni heri kuchagua nakala moja iliyo njema na kuifuata.

Kwetu sisi, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir imetolewa na wahariri mbalimbali: W. E. Taylor, ambaye kazi yake ilichapishwa ndani ya kitabu cha Stigand mwaka 1915, William Hichens mwaka 1939, na James de Vere Allen mwaka 1977. Hawakukubaliana katika kila neno wala katika mpangilio wa kila ubeti. Mwanafunzi anayeandika juu ya mfuatano wa mawazo katika shairi hilo, kutoka moyo unaoonywa hadi magofu ya Pate, yampasa ajue anazungumza juu ya mfuatano wa nani: wa mtunzi, wa mwandishi wa nakala, au wa mhariri. Katika mitihani mingi tuliyowahi kuisahihisha, swali hilo halikuulizwa, wala halikufundishwa.

Kadhalika tumkumbuke Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, bingwa wa hati aliyewanakilia tenzi Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Nakala zake zimo leo katika maktaba za London na Ujerumani. Kijuma hakuwa mashine ya kunakili. Alikuwa mshairi, mwanamuziki na mchongaji, na aliyeandika kwa ajili ya mtu fulani, wakati fulani. Ikiwa utenzi mmoja ameunakili zaidi ya mara moja, basi yamkini tuna matoleo mawili kwa hadhira mbili, na tofauti iliyopo baina yao ni habari yenye thamani. Mhariri anayezichanganya ili apate utenzi mrefu zaidi anaifuta habari hiyo, na akiisha kuifuta hakuna msomaji atakayejua kuwa ilikuwapo.

Hatusemi kwamba uunganishaji ni haramu. Toleo unganifu ni ghala zuri. Anayetaka kujua yote yaliyopigwa picha pale Monroeville, au beti zote zilizowahi kunasibishwa na mtunzi fulani, atalishukuru. Lakini ghala si mlo. Na ghala lisilo na daftari ni hatari, kwani aingiaye humo hawezi kujua kipi kilitoka shamba gani.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba matoleo matatu ya Dawn of the Dead si vipande vitatu vya kitu kimoja kilichovunjika, bali ni kazi tatu zilizo nzima, kila moja ikiwa na hadhira yake na nia yake. Kwamba mshonaji akiziunganisha anatunga ya nne. Na kwamba ubaya haumo katika kuitunga hiyo ya nne, bali katika kuiita jina la mtunzi wa zile za kwanza.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa wenzetu wanaohariri maandiko ya Kiswahili. Kwanza, mhariri aitaje nakala aliyoifanya msingi na aeleze kwa nini aliichagua. Pili, kila ubeti au neno lililotoka katika nakala nyingine litiwe alama pale pale lilipo, si katika dibaji tu. Tatu, nakala zinapopingana, mhariri achague na akiri kuwa amechagua, badala ya kujumlisha akatuachia utenzi unaosema mambo mawili kwa kinywa kimoja.

Mambo haya matatu si mageni. Ndiyo yaliyomo katika zile orodha ambazo washonaji wa filamu, watu wasiolipwa wala kutunukiwa shahada, huziambatisha na kazi zao bila ya kuagizwa na mtu. Ikiwa mpenzi wa filamu za wafu aona haya kumficha mtazamaji wake mshono mmoja wa sekunde tatu, sisi tulio na kazi ya mtunzi aliyekwisha kufa, asiyeweza kusimama na kusema "hilo silo langu", tuna deni kubwa zaidi.

Yule mwanafunzi wetu tulimwita, tukamwonyesha toleo la 1979 tangu mwanzo hadi mwisho. Aliomba aandike upya insha yake. Malalamiko yake juu ya muziki yaliondoka. Lile la kuchelewa katika mwanzo alilishikilia, akalitetea kwa hoja, na safari hii alikuwa akibishana na Romero mwenyewe.